Sauti Iliyozoeleka kwa Misiba

Kwa miaka kumi na tisa, mtu akifariki mjini, habari zake zimetoka kwenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya gari dogo jeupe, kwa sauti ya mwanamke mmoja. Watu humwita Mama Tangazo. Ana miaka hamsini na miwili na koo analolitunza kuliko macho: hanywi maji ya barafu, hapigi kelele nyumbani, na akikasirika hunyamaza. Hutangaza pia minada na watoto waliopotea, lakini misiba ndiyo iliyompa jina. Ana sharti moja. Hatangazi kifo mpaka aonane ana kwa ana na ndugu wa marehemu. Ujumbe wa simu haumtoshi.

"Aliyekufa hana haraka," huwaambia wanaomsukuma.

Mwanzoni mwa mwaka, kituo cha redio cha mji kilianzisha kampeni ya kuzuia vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini wasipigane. Mabango yalibandikwa, vipindi vikarushwa, na gari la Mama Tangazo likakodiwa kupita mitaani kila alasiri. Mratibu wa kampeni, bwana mmoja mpole asiyeachana na faili lake, alimpa karatasi za kusoma. Siku ya kwanza alipotamka tu "Ndugu wananchi," wanawake walitoka jikoni na mikono yenye unga, mafundi wakazima mashine, mzee mmoja akavua kofia. Walipogundua kuwa ni kampeni, walikuja juu.

"Mama, utatuua kwa presha!" muuza mkaa alifoka. "Sema kwanza kama kuna maiti au hakuna!"

Mratibu akamwomba achangamke kidogo. Alijaribu, dereva wake akasema anasikika kama muuza sumu ya panya. Vijana nao, kila wakiliona gari, wakawa wanaitikia kwa pamoja, "Poleni wafiwa!" Mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka ishirini, akaacha hata kulisogelea kwa aibu.

Ikaja Alhamisi asubuhi. Kinyozi mmoja wa mtaa wa juu, rafiki wa kufa na kuzikana wa mwanawe huyo, alichomwa kisu tumboni na kijana wa mtaa wa chini katika ugomvi wa karata. Kufikia saa saba mchana simu zote zilikuwa zimeshamzika. Picha yake ilizungushwa ikiwa imewekewa mshumaa pembeni. Saa nane, vijana kama thelathini walikuwa wamekusanyika penye kuoshea magari, wana nondo na mapanga, wakisubiri wenzao wafike ndipo washuke mtaa wa chini. Mama Tangazo alipopita alimwona mwanawe katikati yao, nondo mkono wa kushoto, maana ndio anaoutumia.

Mratibu alikuwa naye garini, jasho likimtiririka. "Washa sasa hivi, mama. Soma ule ukurasa wa amani."

"Huo wameshaukariri wanautania. Kijana amekufa?"

"Kila mtu anasema amekufa."

"Nani kamwona?"

Mratibu akafungua faili, akalifunga.

"Dereva, twende hospitali."

"Mama, mwanao yuko pale!"

"Nimemwona. Ndiyo maana siwezi kubahatisha."

"Na wakishuka kabla hatujarudi?"

Mama Tangazo alimwashiria dereva aondoke. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili, na njia nzima aliushika mlango wa gari kana kwamba utang'oka.

Nje ya wodi, shangazi wa kinyozi alikuwa ameketi kwenye benchi amepakata viatu vya mgonjwa. Alipomwona aliyekuja, aliinuka kama aliyeumwa na siafu.

"Nani kakuita wewe? Mwanetu hajafa! Kafanyiwa upasuaji, kaamka, kaomba maji wakamnyima, na ameshamtukana nesi. Ondoka na mkosi wako!"

"Dada, naomba nimwone tu."

Alimchungulia mlangoni: midomo mikavu, macho wazi, mpira wa dripu mkononi. Ilitosha.

Waliporudi, kundi lilikuwa limeshaanza kuteremka. Dereva alilikingamisha gari katikati ya barabara.

"Ndugu wananchi," Mama Tangazo alisema, kwa sauti ileile. Kundi lilisimama. Wengine waliinamisha vichwa, wakidhani ndilo tangazo lenyewe la msiba. "Kinyozi wa mtaa wa juu hajafa. Nimemwona kwa macho yangu saa tisa kasoro robo. Shangazi yake yuko pale, na amenitukana. Hakuna msiba. Narudia, hakuna msiba."

"Muongo!" mmoja alipaza sauti. "Katumwa!"

"Huyu?" akadakia mwenzake. "Huyu alikataa kumtangaza babu yangu siku nzima eti hajaonana na baba. Babu ameshakuwa baridi, yeye anasubiri!"

Kicheko kikawaponyoka wawili watatu. Mwanawe hakucheka.

"Hajafa, lakini kachomwa," alisema. "Hilo nalo utalitangaza?"

Kwa hilo hakuwa na karatasi. Alikishusha kipaza sauti cha mkononi.

"Kachomwa. Aliyemchoma akikamatwa, nitalitangaza mitaa yote miwili. Lakini rafiki yako yuko macho na anawahitaji. Gari lina nafasi ya watu wanne. Nondo haipandi."

Wakaanza kugombea nani apande. Mratibu aliteremka kupisha. Mwana wa Mama Tangazo aliilaza nondo kando ya mtaro, taratibu, kama kitu cha kuazima, akaingia nyuma. Wengine walifuata kwa miguu. Saba walirudi penye kuoshea magari wakinung'unika, na mapanga yao wakaenda nayo.

"Wawili wawili, na msimchekeshe, ana nyuzi," mlinzi wa wodi aliwaambia. Wakajipanga ukutani.

Mwanawe alitoka ndani na macho mekundu, akasimama mbele ya benchi alipokaa mama yake.

"Ningekufa, ungenitangaza na mimi?"

Mama Tangazo alifungua kinywa. Sauti haikutoka. Alisogea kidogo, akapiga kiganja mahali palipobaki wazi, na kijana akaketi. Mlinzi akaita wawili wengine.