Kituo cha Pili, kwa Teresia

Katekista Njoka alikuwa ameipima njia ya hija mara tatu kabla parokia ya Kinoru, kule Meru, haijamtuma Winrose kuja kuikagua. Kutoka kanisani Runyenjes hadi kilima chenye msalaba ni mwendo wa saa tano. Kwa kina mama wazee, saba. Wahujaji sitini wangetoka Meru, arubaini wangewapokea hapa Embu, na wote wangepanda pamoja wakisali. Njoka alikuwa amepanga vituo vinne vya kupumzika. Cha pili kilikuwa kiwanda cha kahawa ambacho bomba lake lilikauka tangu Januari, na jambo hilo alilijua.

Winrose alikuwa katibu wa vijana, binti mchangamfu aliyevaa viatu vyeupe ambavyo tope jekundu halikuvionea huruma. Walipofika kiwandani alifungulia bomba. Likatoa pumzi tu.

"Mzee, maji yako wapi?"

"Tutabeba ya chupa, mwanangu."

"Watu sitini wa Meru wakose maji juani? Hasira yetu Wameru mtaisikia hadi Mbeere!"

Njoka alicheka, lakini Winrose alikwisha kuvuka barabara. Upande wa pili palikuwa na ua mpana, kivuli cha miti ya makadamia, na bomba linalodondoka.

"Na hapa je? Mbona hukupaandika?"

"Pana mbwa mkali."

Mbwa alikuwa amelala. Alifumbua jicho moja, akawatazama, akalifumba. Winrose akamgeukia katekista.

Miaka tisa iliyopita, Teresia alifariki katika boma hili. Mwanawe, Mugendi, alikwenda kwa Njoka kuomba barua ya kumwita padri aje kuzika. Njoka alifungua daftari la jumuiya, akateremsha kidole taratibu: Teresia hakuhudhuria sala miezi kumi na minne mfululizo. Mbele ya wazee waliofuatana na Mugendi, akasema kwamba kanisa haliziki aliyelikimbia. Mama akazikwa na jirani aliyesoma zaburi huku akikwama kila mstari. Majuma mawili baadaye ndipo Njoka alipoambiwa kwamba kiharusi kilikuwa kimemlaza Teresia kitandani miezi ile yote. Kutoka kwa Njoka hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini. Kila Alhamisi, siku ya sala, alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri, "hayupo", na hakuwahi kwenda kuuliza alipo. Hata baada ya kujua hakwenda. Kwanza aliona aibu. Kisha akaona muda umepita mno. Kisha akazoea kupita upande wa pili wa barabara.

"Hodi hapa!" Winrose aliita.

Mugendi alitokea kwenye miti ya kahawa akiwa na makasi ya kupogolea.

"Karibu, dada." Kisha akamwona mwenzake. "Katekista. Kumbe njia ya kuja kwetu unaijua."

Winrose alieleza habari ya hija, kwa sauti iliyopungua furaha kidogo kidogo. Mugendi alimsikiliza hadi mwisho.

"Maji hayanyimwi mtu. Waje. Ila Katekista, daftari lile unalo bado?"

"Ninalo."

"Kaburi la mama ni lile, nyuma ya migomba. Siku hiyo uje nalo. Uwasomee hao watu wote uliyoyaandika, kisha uwaambie mama alikuwa wapi. Usilete padri akusemee."

Miaka thelathini watu walimwita Njoka mwalimu wa dini, wakamletea watoto wao awafunze ukweli.

"Mugendi, mwanangu, jambo hili tungelizungumza sisi wawili."

"Mama hakukataliwa mbele ya wawili."

Chupa za maji zilikuwa bado zinawezekana. Ingetosha kumwambia Winrose warudi kiwandani, na hija ingekwenda salama, na kina mama wa Kinoru wasingejua kamwe. Njoka aliitazama migomba. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao uliopigiliwa na mtu asiye fundi, ukiegemea upande mmoja.

Akatoa karatasi yake ya vituo, akakikata kiwanda cha kahawa kwa mstari. Juu yake akaandika: "Kituo cha pili, kwa Teresia." Palipohitaji jina la msemaji, kalamu ilisimama. Winrose, aliyekuwa na neno kwa kila jambo tangu asubuhi, alitazama viatu vyake. Hatimaye Njoka aliandika jina lake, na mwandiko ule uliosifiwa parokia nzima ukatoka umepinda.

Kanini, mke wa Mugendi, alileta kikombe kimoja cha maji, akampa mgeni. Winrose alikunywa nusu, akamnyooshea mzee.

"Kunywa, Mzee. Jua ni kali."

"La, mwanangu. Nitakunywa siku hiyo, nikishasoma. Wakinipa."

Mugendi alikwisha kurudi kwenye miti yake ya kahawa. Walipokuwa wakiondoka waliyasikia makasi yakikata, tawi baada ya tawi.