Jogoo Aliyewika Chooni kwa Mama Mkwe

Mke wangu Kwamboka aliniambia nikiisimulia mwenyewe hii habari haitaniuma kama kuisikia sokoni, na kwa kuwa pale Keumbu tayari wanaisimulia na kuitia chumvi (eti nilitoka uchi wa mnyama, uongo mtupu, nilikuwa nimejifunga mlango), basi sogeeni niwaambie vile ilivyokuwa, mcheke mara moja tumalizane.

Mnaonijua tangu zamani mnajua nilikuwa mtu mnene, na simaanishi mnene wa kutaniwa tu, namaanisha mnene wa kupimwa kwa ile mizani tunayopimia mikungu ya ndizi, maana kazi yangu ni hiyo, kununua ndizi kwa wakulima wa huku Kisii na Nyamira na kuzipakia kwenye lori za Nairobi, na wapakiaji wangu waliniita Tani nami nikaitika bila kinyongo. Lakini magoti yakaanza kulalamika, kupanda ngazi za benki nikawa nasimama katikati nikijifanya nasoma simu, na usiku Kwamboka ananiamsha kwa hofu kwamba nimeacha kupumua. Daktari hakunificha kitu. Nikaenda nikapasuliwa, wakakata sehemu kubwa ya tumbo wakaniachia kipande chembamba, na nilipozinduka daktari akaniambia kilichobaki kina umbo la ndizi, nami mtu wa ndizi nikacheka mpaka mshono ukanivuta.

Sasa, hilo la kupasuliwa sikumwambia mtu. Huku kwetu kitambi cha mwanamume ndicho kinachomsifu mke wake kwa upishi, na mtu aliyetoa hela zake mwenyewe ili ashindwe kula, huyo utamweleza vipi kwa wajomba? Nikamwomba Kwamboka afunge mdomo, hata kwa mama yake mzazi, naye akafunga. Watu wakiniuliza nasema nimepunguza ugali. Mwili ukayeyuka, mashati yakaning'inia, na shangazi zangu wakaanza kuulizana chini chini Kwamboka ananilisha nini, au ananinyima nini, maneno ambayo niliyasikia nikayapuuza kwa sababu nilikuwa na raha zangu.

Raha yenyewe ni kukimbia. Nilianza kwa kutembea tu kama nilivyoagizwa, nikaongeza mwendo, nikaongeza tena, na siku moja nikagundua nimeupanda mlima mzima kutoka mtoni hadi barabarani bila kusimama, nikaketi kwenye nyasi nikalia kwa furaha (mtu mzima, na watoto wa shule wanapita wananisalimia). Tangu hapo hamkuweza kunishika. Nikajiandikisha kwa mbio ndefu, nusu marathoni inayotoka Kisii mjini na kupita Keumbu, na kila nikipata nafasi niko barabarani.

Siku ya mkasa ilikuwa Sabato. Mimi ni Mkatoliki, Jumamosi kwangu ni siku ya mazoezi, lakini wakwe zangu ni Wasabato kamili, na boma lao liko ndani kidogo kutoka Keumbu, upande wa Nyamache, kando ya njia moja nzuri yenye milima ya kufundishia miguu. Njia hiyo sikuwahi kuikimbia siku nyingine, na sababu ni kwamba sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na wakwe zake: hutaniani na mama mkwe, hukai naye karibu, hakuoni ukiwa nusu uchi, na choo chake, ee bwana, choo chake hata hukitazami. Na mimi hukimbia na kaptula ya kubana, imenikaza kutoka kiunoni mpaka juu ya goti, kwa sababu ile ngozi iliyobaki baada ya unene isipofungwa inanipigapiga njia nzima. Kwa kawaida huvaa suruali juu yake. Lakini asubuhi hiyo suruali ilikuwa kwenye kamba, mvua imeilowesha upya, nikasema si ni Sabato, wote wako kanisani mpaka jioni, nani ataniona? Nikatoka na kaptula.

Hata hivyo kaptula peke yake isingenimaliza. Kilichonimaliza ni soda. Nilifika Keumbu nikiwa mwepesi, maji yangu yameisha, na Mama Akinyi, mama mmoja aliyetoka kule ziwani ambaye anauza samaki na vinywaji kando ya stendi na ananijua tangu enzi za Tani, akaniona akashika kichwa.

"Uwi! Tani, ni wewe umebaki hivyo? Kuja unywe soda. Usilipe. Kuja, mtu wangu, usianguke kwa barabara."

Nilipaswa kukataa. Mtaalamu wa lishe alikuwa amenionya kwa kidole kwamba tumbo hili jipya halizuii kitu, sukari nyingi ikiingia kwa haraka inapita moja kwa moja hadi kwenye utumbo, na nitajuta. Lakini mama wa watu ameshafungua chupa, chupa yenyewe inatoka jasho kwa baridi, na zamani mimi nilikuwa namaliza mbili kabla chapati haijafika mezani. Nikainywa yote, nikamshukuru, nikaingia ile njia ya kwa wakwe nikikimbia kwa mbwembwe ili aone siumwi.

Sikufika mbali. Moyo ulianza kwenda mbio kunizidi mimi, jasho baridi likanitoka, kichwa kikawa chepesi, halafu tumbo likasokota, likanguruma, likanipa ile taarifa ambayo mtu haombi kuongezewa muda. Kushoto majani chai, kulia majani chai, na majani chai mnayajua yanaishia kiunoni, tena wachumaji wasio Wasabato walikuwa humo na vikapu vyao wakinitazama. Mbele yangu kulikuwa na boma moja tu ninalolijua, na nilijua halina mtu. Nikaiwaza chinsoni kwa ule muda mfupi ambao tumbo liliniruhusu, kisha nikaingia.

Choo cha mama mkwe kiko nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kuta zake mabati, na mlango wake siku hiyo ulikuwa gunia lililotundikwa kwa misumari. Mbwa wao Simba, ambaye miaka yote ananipokea kwa kutikisa mkia, hakunitambua na huu wembamba, akanibwekea mpaka nilipojificha nyuma ya gunia. Yaliyofuata humo ndani ni kati yangu na Mungu. Nilikuwa nimeshika ukuta, natetemeka, najiambia nikipata nafuu kidogo tu nitapenya kwenye migomba niondoke na hakuna atakayejua mpaka kiama.

Ndipo nikasikia wimbo wa kanisani, unakuja, unakaribia, unaingia bomani. Nikachungulia kwenye tundu la gunia. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaketi kwenye nyasi nyuma ya nyumba, mbele yangu kabisa, wakiongozwa na Mama Bosibori, kiongozi wao, mwanamke ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Katikati yao, kwenye kiti, alikuwa mama mkwe wangu, na alikuwa analia.

"Nimewatoa kanisani mapema tuombe, kwa sababu mkwe wangu anakufa," akasema. "Kila mtu amemwona. Amebaki nguo tu. Na watu wake wanasema ni Kwamboka, eti anamnyima chakula, wengine wanasema amemwekea kitu. Huyo mtoto nililea na hii mikono yangu. Hawezi kuwekea mtu kitu. Na kila nikimuuliza mume wako anaugua nini, ananyamaza tu."

Jamani, hapo niliona aibu nyingine, kubwa kuliko ya choo. Kwamboka hakuwa ameniambia kwamba yale maneno ya shangazi zangu yalifika mpaka kwa mama yake. Aliyabeba yote, akatunza siri yangu kama nilivyomwomba, na mimi huku nazunguka milimani nikijisifia miguu. Nilijua lazima nitoke niseme ukweli, ila kutoka ni kutoka na kaptula ile, kutoka choo kile, mbele ya mama yule.

Wakaanza kuomba. Mama Bosibori akanyanyua mikono, akanitaja kwa jina, Nyambane, akalikemea lile gonjwa kwa sauti ya kutikisa mabati, "Litoke! Litoke sasa hivi! Litoke lote!" nami huku ndani tumbo likasokota upya, na naomba mniamini kwamba lilikuwa linatoka. Nikauma kiganja nisisikike.

Maombi yalipoisha Mama Bosibori akasema ni vizuri mgonjwa apigiwe simu ajue ameombewa. Mimi simu yangu hukimbia nayo, nimeifunga mkononi, na mlio wake ni jogoo, kwa sababu ya kuamkia lori alfajiri. Jogoo akawika. Nilivyohangaika kuizima na vidole vimejaa jasho, ikanyamaza yenyewe.

"Nani amefungia jogoo kwa choo?" mmoja akauliza.

"Ngojeni," akasema Mama Bosibori. Akapiga tena, jogoo akawika. Akakata, jogoo akanyamaza. Akapiga mara ya tatu, kwa furaha ya wazi kabisa, na jogoo akamwitikia.

"Ni nani uko hapo? Toka kwa jina la Yesu!"

Mlango wa pili haukuwepo. Nikalivuta gunia kutoka kwenye misumari, nikajifunga nalo kiunoni, nikatoka.

"Ni mimi, mama. Ni Nyambane. Bwana ya Kwamboka."

"Yaya!" mama mkwe akapiga kelele, yaani hapana kwa Kigusii, akajifunika leso kichwa kizima, akageuka na kiti chake akatazama migomba. Wengine wakageuka pia, wengine wakajifunika macho kwa vidole vilivyoachana.

"Mama Bosibori," akasema kutoka ndani ya leso, "muulize kama ni yeye ama ni roho yake."

"Ni yeye," akasema Mama Bosibori akinikagua. "Lakini amevaa mlango yako."

Nikaanza kueleza, nikimwambia Mama Bosibori maneno ambayo sote tulijua ni ya nani. Nikasema siumwi. Nikasema nilipasuliwa nikapunguzwa tumbo, na ni mimi niliyemkataza Kwamboka asiseme, na Kwamboka ananipikia kila siku ila ni mimi nisiyeweza kumaliza sahani, na yeyote anayesema vingine aje anitazame machoni.

Mama mkwe akakisogeza kiti chake nyuma kidogo, leso bado kichwani.

"Muulize, alikubali mwenyewe kukatwa?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nakufa nikiwa mnene. Sasa ndio naishi."

"Muulize, hiyo tumbo ilibaki kiasi gani?"

"Ndizi moja, mama."

Leso ikatulia. "Ya kupika ama ya kuiva?"

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani amerudi kulia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kiti kikalia, akina mama wakapokea, na mimi nimesimama katikati nimeshika gunia, nikajikuta nacheka pia. Kisha hukumu ikatoka, bado kwa kupitia Mama Bosibori: niende na gunia lile, nisilirudishe, na kwa kuvunja chinsoni nilete mlango wa kweli, wa mabati, wenye komeo. Nikaondoka kwa bodaboda nikiwa na gunia langu, tukapita pale stendi, na Mama Akinyi akasema "Uwi!" mara moja tu.

Nyumbani Kwamboka alicheka akaketi chini jikoni. Alipomaliza nilimwambia nisamehe, akasema nimekusamehe lakini shangazi zako utawaambia wewe, na jioni hiyohiyo nikawazungukia wote nikawaeleza kwa mdomo wangu. Mlango niliupeleka wiki iliyofuata, nimeupaka rangi ya buluu. Na hapa mbele yenu naapa kwamba soda sinywi tena, hata ikifunguliwa na malaika, na kaptula bila suruali hamtaiona mwilini mwangu.

Siku ya mbio nilivaa suruali ndefu, na nilipokaribia Keumbu miguu imeanza kuwa mizito nikamsikia Mama Bosibori kabla sijamwona, "Anakuja! Ako hapo! Bado... sasa!" Kando ya barabara alikuwa amesimama mama mkwe wangu na nguo zake za kanisani, ameipa barabara mgongo, mkono mmoja ameunyoosha nyuma na kikombe kidogo cha uji usio na sukari, huku akiwaambia majirani kwa sauti kwamba huo uji msichana wake ndiye aliyeupika. Nikapunguza mwendo, nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa kidogo kidogo.

"Mama," nikamwambia, "leo nimevaa suruali ndefu. Unaweza kugeuka."

"Yaya," akasema, akitazama upande wa majani chai. "Wewe kimbia tu. Mimi na wewe tulionana ya kutosha."