Fundi Aliyeufuta Mluzi wa Mkewe

Saa tatu asubuhi, Mkasi anazima friji. Anafunga dirisha, anakunja taulo na kuziba nalo chini ya mlango, kisha anapanda juu ya stuli na kuitoa betri saa ya ukutani. Mwandishi wa makala haya anaonyeshwa pa kukaa, nako ni sakafuni, kwa sababu viti vyote vya nyumba hii hulia ukivikalia.

"Kama una kikohozi, kohoa sasa hivi," anasema.

Halafu anainamisha uso, kama aliyetamani kulirudisha neno mdomoni. Kikohozi si kitu cha kutaniwa tena katika nyumba hii.

Ndani ya kabati la nguo, mlango ukiwa nusu wazi, mkewe ameketi kwenye kigoda katikati ya magauni yaliyotundikwa. Nguo hizo humeza mwangwi, ndiyo maana kabati limekuwa studio. Mbele ya mdomo wake inaning'inia maikrofoni iliyovalishwa soksi ya mtoto.

"Baba watoto, umezima friji tena na maziwa yangu yamo?"

"Dakika kumi tu, mama watoto."

"Dakika kumi zako nazijua mimi. Ndizo zilizoniozesha nyama."

Mkasi anacheka, anavaa hedifoni, anaweka kidole kwenye kitufe cha kurekodia. Kidole kinakaa pale pale. Dakika zinapita, na kitufe hakibonyezwi. Ni miezi minane sasa kidole hicho kinafika hapo na kugoma, na kwa sababu hiyo filamu ya saba na ya mwisho imekwama.

Kwa kazi ya kumweka mjini, Mkasi huhariri video za harusi. Jina hilo alipewa na wateja baada ya kuikata hotuba ya mjomba mmoja wa bwana harusi, iliyokuwa ndefu kuliko ibada ya ndoa yenyewe. Mjomba yule hajamsamehe mpaka leo. Mwezi ukiwa mzuri anapata harusi tatu: moja inakwenda kwenye kodi, ya pili inaliwa, na ya tatu siku hizi inaishia duka la dawa.

Kazi ya moyoni ni nyingine. Mkasi ni mmoja wa mashabiki wanaozichukua filamu wanazozipenda na kuzihariri upya nyumbani: wanakata wasichokitaka, wanapanga upya visa, wengine wanabadilisha muziki wote. Haziuzwi. Wenyewe wana sheria yao kwamba anayetaka toleo jipya lazima kwanza awe amenunua filamu halali. Faida yake ni kusifiwa na watu ambao hutakutana nao maishani.

Filamu alizozing'ang'ania Mkasi ni mfululizo wa filamu saba kuhusu chombo cha anga kilichopotea njia ya kurudi duniani. Abiria wamelazwa usingizi wa miaka mingi. Aliye macho ni rubani tu, mwanamke, peke yake na kofia yake ya kioo.

"Picha zake ni nzuri mpaka unasikia baridi," anasema. "Lakini muziki! Mwanamke yuko peke yake angani, hana hata wa kumwambia umeamkaje, halafu wewe unampigia ngoma na matarumbeta. Ya nini?"

Alipojaribu kuyatoa matarumbeta, alikutana na shida ambayo watazamaji wengi hawaijui. Katika nakala alizokuwa nazo, muziki na sauti nyingine zote vilikuwa vimechanganywa pamoja. Ukiutoa muziki, zinaondoka nazo nyayo, milango, injini na pumzi za watu. Ilibidi atengeneze kila kitu upya, kuanzia hatua ya kwanza ya kiatu.

Nyayo za rubani ni kandambili za Mkasi juu ya sinia la kokoto. Mlango wa chombo ni zipu ya begi, ikivutwa taratibu. Injini kubwa inayovuma filamu nzima, ile ambayo mashabiki wameandika kurasa kuibishania, ni cherehani ya mkewe iliyopunguzwa kasi.

Na pumzi ndani ya kofia ya rubani ni ya mkewe mwenyewe.

Mkewe ni fundi cherehani. Alishona miaka zaidi ya ishirini katika chumba cha mbele, sare za shule na magauni ya harusi, na alipokuwa akishona aliimba kwa mdomo uliofumbwa. Wimbo haukuwa na maneno wala jina. Ulipanda kidogo, ukakaa juu, ukateremka polepole mpaka pumzi inapoishia, kisha ukaanza tena. Mkasi anasema alikuwa ameusikia miaka na miaka bila kuusikiliza, mpaka siku moja akiwa anamtazama rubani kwenye kioo huku akishindwa kumtungia muziki kwa kinanda, ukapenya kutoka chumba cha pili.

"Nikasema, ala! Kumbe muziki ninaoutafuta ninalala nao."

Basi akamwingiza kabatini. Filamu ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, kwa miaka tisa, muziki ni huo mmoja: mwanamke anavuta pumzi, anaimba mdomo umefumbwa, anashusha pumzi. Chini yake Mkasi aliweka kinanda kidogo sana. Mashabiki waliipokea kazi ile kwa vifijo. Kutoka nchi ambazo Mkasi hawezi kuzionyesha kwenye ramani, watu waliuliza yule anayepumua ni nani.

Sifa iliyorudiwa zaidi ilikuwa moja: sauti ni safi. Shabiki mmoja aliandika kwamba hajawahi kusikia pumzi safi namna ile. Siku hiyo Mkasi alimsomea mkewe maneno yale, wakanunua soda mbili wakagonganisha chupa.

Sasa sifa hiyo ndiyo asiyoweza kuisoma.

Kwa sababu pumzi haikuwa safi. Alipokuwa akiihariri filamu ya tatu, Mkasi alisikia kitu mwishoni mwa kila pumzi, kimluzi chembamba kama hewa inayopita kwenye tundu la funguo. Alidhani ni waya. Akabadilisha waya. Akadhani ni upepo wa dirishani, akaongeza taulo. Kikabaki pale pale. Basi akafanya kile ambacho fundi wa sauti hufanya anapokutana na uchafu: akaufuta.

"Kuna namna ya kuionyesha mashine uchafu wenyewe ulivyo, ikauondoa kila unapojitokeza," anaeleza. "Niliionyesha. Niliona raha, nakwambia kweli. Filamu ya nne mluzi umekua, nikaongeza nguvu ya kusafisha. Ya tano nikaongeza tena. Nilikuwa najiona bingwa."

Je, hakujiuliza unatoka wapi?

Anavua hedifoni na kuziweka mapajani. "Nilijiuliza unatoka wapi kwenye *rekodi*. Sikujiuliza unatoka wapi kwa *mtu*."

Kuna jambo jingine linalomtafuna. Mkewe alipokohoa katikati ya wimbo, yeye alikasirika. Alikuwa na neno moja baada ya kila jaribio, na watoto wao walilichukua wakawa wanamwigiza mezani: "Rudia." Mama akakohoa, rudia. Mama akakatika pumzi, rudia. Alimrudisha kabatini, kwenye vumbi la vitambaa, mpaka apate ile safi.

Binti yao mkubwa ndiye aliyempeleka mama hospitali. Alikuja kusalimia, akamkuta ameshika ukingo wa ndoo ya maji, anahema kama aliyepanda ghorofa, na ndoo yenyewe ilikuwa nusu. Baba alikuwa chumba cha pili na hedifoni masikioni.

Daktari alisikiliza mgongo, akauliza swali ambalo madaktari huuliza kila siku: huu mluzi ulianza lini? Mama akasema mvua za mwaka huu. Binti akasema labda mwaka jana.

Mkasi, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, alirudi nyumbani akawasha kompyuta. Yeye hafuti rekodi za mwanzo. Husafisha nakala, na zile chafu huzihifadhi. Alizifungua moja baada ya nyingine, akirudi nyuma. Filamu ya sita, upo. Ya tano, upo. Ya nne, upo. Ya tatu, mdogo, lakini upo. Ya pili, haupo.

"Miaka sita," anasema. "Daktari anauliza lini, na jibu liko kwangu, lina mpaka tarehe. Nilikuwa nalo muda wote huo. Nilikuwa nalifuta."

Alirudi kesho yake akamweleza daktari. Daktari hakumgombeza, na Mkasi anasema afadhali angemgombeza. Alisema vumbi la vitambaa la miaka yote ile limefanya kazi yake, njia za hewa zimesinyaa na kuweka makovu. Dawa ya kuvuta itasaidia kilichobaki. Wangekuja mapema kingebaki kingi. Kilichokwenda hakirudi.

Mkewe ameacha kushona. Cherehani imefunikwa shuka chumba cha mbele, na juu ya shuka kuna chungu cha ua, kama alivyotaka mwenyewe, ili asiione kama mgonjwa mwenzake. Wateja wake wa miaka mingi bado hupita, humsalimia, kisha huondoka na vitambaa vyao mkononi.

Usiku ule ule aliorudi kwa daktari, Mkasi alimweleza yote. Mwandishi alimuuliza mke alilipokeaje jambo hilo.

"Nilikasirika siku mbili," anasema kutoka kabatini, bila kuficha. "Siku mbili sikumpa hata chai. Ya tatu nikamwonea huruma. Mimi mwenye kifua sikujua naumwa, nikawa nasema ni uchovu, ni vumbi, ni uzee. Sasa yeye mwenye spika ndiye anyongwe?"

Anavuta pumzi kidogo kabla ya kuendelea. Siku hizi sentensi zake ni fupi, kwa lazima.

"Lakini inauma. Angeniuliza tu. Mke wangu, mbona unalia kifuani? Neno moja."

Mkasi anatazama sakafu. Hakuna anayemwokoa, na yeye haombi kuokolewa.

Kilichobaki ni filamu ya saba. Rubani, sasa mzee, anaiona dunia kwa mbali kupitia kioo, na katika toleo la Mkasi ndipo wimbo unapaswa kuimbwa mzima kwa mara ya mwisho. Mkewe hawezi tena kuufikisha mwisho kwa pumzi moja. Unamkatikia katikati, anapolazimika kuvuta hewa, na hewa inaingia na mluzi wake.

Kitaalamu, dawa ipo. Mkasi anazo rekodi za filamu ya pili, za kifua kizima. Angezikata vipande na kuziunga, na hakuna shabiki ambaye angejua. Alimweleza mkewe mpango huo kama zawadi.

"Nikamwambia usinitie viraka," mke anasema. "Viraka kazi yangu, navijua. Kiraka hakifichiki kwa mwenye nguo. Huyo rubani amezeeka, sivyo? Amekaa kwenye kopo miaka yote hiyo. Unataka apumue kama msichana? Nitaimba hivi nilivyo, na wewe usiguse kitu."

Anataka kuimba mapema, anasema, kwa kuwa anajua kifua chake kinaelekea wapi. Mwaka huu wimbo unakatika mara moja. Mwakani haahidi.

Mkasi ndiye asiyeweza. Kila akivaa hedifoni, mluzi ule unamjia masikioni, na mkono unataka kufanya ulichozoea. Miezi minane mke anaingia kabatini, anakaa, anasubiri, anatoka.

Leo wamekaa hivyo robo saa. Jirani wao wa ukuta mmoja ni mchomeleaji wa mageti, na kwa makubaliano ya siku nyingi huzima mashine yake Mkasi akigonga ukuta. Ghafla sauti yake inapenya:

"Kaka! Unaanza au huanzi? Nina geti la watu huku!"

Kabatini mke anaangua kicheko, kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi kinachukua muda. Mkasi anainuka nusu. Mke anamwonyesha kiganja: kaa. Anavuta dawa kutoka kwenye kipampu chake, anasubiri, anafuta midomo.

"Bonyeza, mume wangu," anasema. "Friji inaoza."

Kidole kinabonyeza.

Wimbo unapanda, unakaa juu, unaanza kushuka. Katikati unakatika. Ndani ya kimya kile, hata kwa aliyeketi sakafuni bila hedifoni, mluzi unasikika waziwazi, mwembamba na mrefu, na pumzi inarudi kwa shida. Kisha anauokota wimbo pale ulipoanguka, anaushusha taratibu mpaka chini. Mkasi amefumba macho na machozi yanamtiririka, naye hayafuti, kwa kuwa akisogea kiti kitalia.

Anapanga kuimaliza filamu mwaka huu, mluzi ukiwemo. Baada ya hapo atarudi kwenye ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita, aondoe usafishaji wote na kuirudisha pumzi ilivyokuwa. Anajua baadhi ya mashabiki watalalamika kwamba kazi imechafuka. Safari hii hatamsomea mkewe wanachoandika.

Mke anachungulia kutoka kabatini, uso umelowa jasho. "Haya, sema. Nirudie?"

Mkasi anavua hedifoni, anavuka chumba, anachuchumaa mbele ya kigoda.

"Hapana," anasema. "Kifua kinasemaje, mama watoto?"

Mke anajifuta jasho usoni.

"Kinasema kimechoka," anasema. "Na kinasema washa friji."