Tufaha la Kabatini na Mapera ya Nyuma ya Bafu

Harufu ya mapera yaliyoiva haina adabu. Haibishi hodi. Inapenya chini ya mlango, inapanda kitandani, inakaa kwenye sweta ya shule mpaka mwalimu anauliza ni nani ameleta matunda darasani. Nyumba yetu ya mabati pale Noonkopir, Kitengela, ilinuka hivyo kila msimu, kwa sababu nyuma ya bafu tulikuwa na mpera ambao Mama alikuja nao kutoka kwao Mwala ukiwa mche tu, mizizi imefungwa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kitengela ya miaka ya tisini ilikuwa bado uwanda wa upepo. Ng'ombe wa Wamaasai walipita mbele ya mlango wakitutazama kama wageni, na kweli tulikuwa wageni. Udongo mweusi ulipasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa mvua. Maji yaliletwa kwa mkokoteni wa punda, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeyamwagia mti. Mpera wetu uliishi kwa maji tuliyoogea, povu la sabuni na yote, na ulizaa mpaka matawi yakainama. Ndani mapera yalikuwa mekundu, yenye mbegu ndogo ngumu zilizokwama kwenye meno mpaka jioni.

Tufaha halinuki. Nalisema mapema ili msomaji ajue nasimama wapi: mimi nalidharau tufaha. Sisemi ni sumu. Nasema ni tunda lililopewa cheo bila kufanya kazi. Siku hizo tuliliita epo, na halikuliwa, lilikaa. Shangazi Damaris, dada mkubwa wa Baba, ambaye alifanya kazi ya ofisi Kajiado mjini na hakuruhusu mtu kusahau hilo, alikuwa na kabati kubwa la sebuleni lenye vioo. Juu yake palikuwa na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na kando ya televisheni bakuli la kioo, na ndani ya bakuli matufaha mekundu aliyoyapangusa kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Tulipoenda kumsalimia Krismasi tuliyaona. Tuliporudi Pasaka tuliyakuta palepale, ngozi imekunjamana, yamekuwa mepesi, na bado ukinyoosha mkono unaambiwa, "Weka hapo! Hiyo ni ya wageni." Sisi tulikuwa nani basi? Wezi? Mapera yetu, aliyoletewa mfuko mzima na Mama, yaliachwa nje ya mlango wa jikoni karibu na debe la makaa.

Kwa Shangazi dunia yote ilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na vitu vya watu wa maana, na kulikuwa na vitu vya watu kama Mama. Pera lilikuwa chakula cha nyani. Pera lilifunga choo. Mbegu za pera ziliingia kwenye kidole tumbo, zikaota humo, ukapasuliwa. Hilo la kidole tumbo alilisema kwa sauti ya mtu aliyeliona kwa macho yake, na nusu ya Kitengela iliamini hivyohivyo. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini pia, lakini niliendelea kula. Uroho ulinizidi. Nikilala nilijibonyeza tumbo upande wa kulia kuona kama kuna mti unachipuka.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito, na ujauzito haukumkalia vizuri. Alikuwa akipanda ngazi mbili za mlango wetu anasimama kupumua. Viganja vyake vilikuwa vyeupe ndani, na ukimwita alichelewa kugeuka. Kliniki nesi alimvuta kope la chini, akatazama, akamtoboa kidole, kisha akasema damu iko chini. Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia ale maharagwe, mboga za kijani na matunda. Halafu akasema jambo lililowanyima wazazi wangu usingizi: damu isipopanda kabla ya kujifungua, hatazalia pale, atapelekwa hospitali kubwa Nairobi na huenda akaongezewa damu ya mtu. Leo sentensi hiyo haimshtui mtu. Siku zile, na yale mazishi ya kila Jumamosi ambayo hakuna aliyetaja sababu yake, kuongezewa damu ya mtu usiyemjua lilikuwa jambo ambalo watu walilisikia na kunyamaza. Baba alikunja kofia yake ya kiwandani akaikunjua, akaikunja tena. Mama alisema tu, "Sitaki damu ya mtu. Nataka yangu ipande."

Baba akafanya kosa la kumwita dada yake. Alimwogopa kuliko alivyomwogopa msimamizi wake pale kiwanda cha saruji Athi River, kwa sababu Shangazi ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mtu akishakufunga kamba za viatu haachi kukuamuru. Shangazi alikuja Noonkopir na sanduku, glavu za kuoshea vyombo na mfuko wa matufaha, kila moja limeviringishwa kivyake kama yai. Ni desturi ambayo sijaona ikihojiwa na mtu yeyote: mgonjwa Mkenya aletewe tufaha. Mtu amevunjika mguu, tufaha. Mtu ana malaria, tufaha. Mtu anakata roho, kando ya kitanda kuna matufaha ndani ya karatasi ya nailoni yakimtazama. Nesi alikuwa amesema matunda, na kwa Shangazi tunda lilikuwa moja tu duniani.

Basi akaanza kumponya Mama. Alilimenya tufaha. Ndiyo, alilimenya! Ngozi, ambamo mna sehemu kubwa ya faida ya tunda hilo, ilitupwa, Mama akapewa ile nyama nyeupe iliyokatwa vipande kwenye kisosa, juu ya kitambaa cha kufuma. Baada ya chakula alimpa vidonge vyake, na kabla havijashuka kooni alimmiminia kikombe cha chai nzito yenye majani mengi, "ili kutia nguvu." Maharagwe, chai. Sukuma wiki, chai. Mapera, mwiko. "Mama Mumbua, hiyo mapera itaua mtoto," alisema, akiniangalia mimi, Mumbua, kana kwamba mimi ndiye muuaji. "Mbegu zinapita wapi na tumbo iko na mtu ndani? Na imenyweshewa maji ya bafu! Wewe unaweza kunywa maji ya bafu?"

"Mti si mimi, wifi," Mama alijibu polepole.

Nilipofika sekondari nikasoma biolojia, nilifunga kitabu nikacheka peke yangu mpaka nikaambiwa nitoke nje. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, seuze tufaha, ambalo kwa vitamini hiyo ni masikini wa kutupwa. Pera lenyewe halina madini ya chuma ya kujivunia, lakini ukilila pamoja na maharagwe au mboga, ile vitamini husaidia mwili kuyachukua madini yaliyomo badala ya kuyaacha yapite. Na chai nzito hufanya kinyume chake kabisa, inayazuia. Kwa hiyo yule mwanamke mwenye ofisi Kajiado alikuwa ameondoa kilichofungua mlango, akaweka kilichoubana, akakaa pembeni akifuma kitambaa. Ukila mapera mabichi mengi utafunga choo, hilo sikatai, mimi mwenyewe nimelia chooni. Lakini lililoiva lina nyuzinyuzi zinazosukuma tumbo vizuri kuliko dawa nyingi za dukani. Tufaha nalo lina zake, ukilila na ngozi, na ukilila. Lililokaa kabatini kuanzia Krismasi mpaka Pasaka halimsaidii yeyote ila mwenye kabati.

Kliniki iliyofuata, damu ilikuwa palepale. Nesi aliandika, akaandika tena. Mama alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu. Shangazi akatafuta wa kulaumu, na kwa kuwa hangeweza kulaumu tufaha, alikwenda nyuma ya bafu. Alikuta mbegu za mapera chini ya mti. Zilikuwa zangu, lakini nani angeniuliza? Alirudi akasema Mama anakula usiku kwa kujificha, anahatarisha damu ya ukoo wao, na huo mti ukatwe. Nilidhani Baba angecheka. Baba alichukua panga. Woi, baba yangu! Mtu mzima mwenye mabega ya kubeba magunia ya saruji, akaenda nyuma ya bafu kichwa chini kama aliyetumwa dukani.

Mpera ni mti mgumu. Panga lilikuwa likiruka. Kila pigo mapera yalidondoka na kubingirika mpaka kwenye mfereji wa maji ya bafu, na harufu ilijaa ua mzima. Mama mmoja wa Kimaasai aliyetuletea maziwa alifika katikati ya kazi hiyo, akasalimia "Supa," hakuitikiwa, akatua kibuyu chake. "Sasa mti imewafanyia nini?" aliuliza. Baba aliinua panga tena. Mti ulianguka ukiegemea ukuta wa mabati, na Shangazi akapangusa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote.

Ndipo Mama akatoka. Alikuwa amejifunga leso juu ya tumbo lile kubwa. Hakumtazama Baba wala dada yake. Aliinama, na kuinama kwake siku hizo kulikuwa kazi, akaanza kuokota mapera, moja moja, akiyafuta vumbi kwenye leso. Nilikwenda kumsaidia. Zilipojaa pindo zote mbili aliketi kwenye kile kisiki kibichi, miguu ameitanua kama mwenye soko, akauma la kwanza. Utomvu ulikuwa bado unatoka chini yake. Akala, na mbegu, akala la pili, akala la tatu. Shangazi akapiga kelele, "Mama Mumbua! Unataka kuua mtoto wetu?"

Mama alitafuna, akameza. "Wifi, damu ni yangu na tumbo ni langu. Chai yako kunywa wewe. Na hizo epo rudisha kwa kabati, wageni watakuja."

Sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho, kabla wala baadaye. Baba alisimama na panga mkononi, macho chini, na nilimdharau siku hiyo kwa moyo wangu wote wa miaka tisa. Kesho yake Shangazi alifunga sanduku. Matufaha aliyobakisha alikwenda nayo, Mungu ni shahidi.

Yale mapera tuliyaweka ndani ya beseni chini ya kitanda, na Mama aliyala na maharagwe mchana na sukuma jioni. Vidonge alimeza kwa maji. Chai aliiacha mpaka chakula kishuke. Sitatia chumvi nikasema pera ndilo lililomwokoa, maana vidonge vilikuwepo tangu mwanzo, na kuondokewa na Shangazi nako ni dawa. Ninachojua ni kwamba nesi alitoboa kidole, akatazama, akaita mwenzake aje atazame, na damu ilikuwa imepanda. Ndugu yangu Kyalo alizaliwa palepale Kitengela, hakuna aliyepelekwa Nairobi, hakuna damu ya mtu iliyoguswa. Alilia kwa sauti ya kuudhi na hajanyamaza mpaka leo. Kabla hajaanza kutambaa, kisiki cha nyuma ya bafu kilikuwa kimechipua pande zote, na Baba, bila kuambiwa, alikizungushia miiba ya migunga ili mbuzi wasiguse. Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake, na Mama aliipokea vizuri kuliko mimi.

Sasa miaka ya tisini imepita, tuko mwishoni mwa hii ya elfu mbili, na Kitengela imejitia mji. Ng'ombe hawapiti, wamezungushiwa nje na mageti. Kuna supamaketi yenye rafu nzima ya matufaha yaliyopakwa nta, na wazazi wanayatia kwenye mikebe ya watoto wa shule, na watoto wanayarudisha jioni yameumwa mara moja. Mpera wenyewe umekuwa mipera mitatu kwenye kisiki kimoja, na hakuna tena anayeunyweshea maji ya bafu, maana maji ya bomba yapo. Nauliza ni nini kimebadilika na jibu linaniudhi: bakuli la kioo limekuwa rafu, basi.

Mwezi uliopita Shangazi Damaris alikuja kutusalimia. Amestaafu, amezeeka, anatembea na mkongojo. Aliketi sebuleni kwa Mama akazungukazunguka na maneno, mvua, bei ya unga, magoti, mpaka akafika. Daktari amemwambia choo chake ni kigumu kwa sababu hali nyuzinyuzi, na kati ya matunda aliyomtajia, la kwanza lilikuwa pera. Alisema hivyo akitazama dirishani, ambako watoto wangu walikuwa juu ya mti na videvu vimelowa. "Siku hizi wanasema iko na vitamini nyingi," aliongeza, kana kwamba habari hizo zimetoka Ulaya jana.

Mama aliitikia kwa heshima zote. Aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko kitambo. Niliposikia kitambaa kikisugua kitu nilijua, nikatazama sakafu nisije nikacheka. Akarudi na sinia. Juu ya sinia kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kisosa, na juu ya kisosa tufaha moja jekundu, limemenywa nusu, nusu iliyobaki inang'aa.

"Karibu, wifi," alisema Mama. "Hii ni ya wageni."