Hofu ya Neville Hepworth

Neville Hepworth alicheza raga ya kulipwa misimu tisa, na misimu sita kati ya hiyo aliicheza kwa hofu. Aliyejua ni mkewe tu, Maureen.

Nafasi yake ilikuwa katikati ya skramu, lile rundo la wachezaji wanaosukumana wakigombea mpira, mikono imekumbatia mabega ya wenzake, kichwa kimebanwa na wapinzani. Januari moja, uwanja ukiwa tope tupu, skramu ikaporomoka. Neville akafunikwa, uso ndani ya matope, watu wamemlalia. Hakuweza kuvuta pumzi wala kuchomoa mkono. Walipoinuka, alikuwa amejikojolea. Kwa kuwa wote walikuwa wamelowa, hakuna aliyegundua.

Tangu hapo akawa anatapika kila Jumapili kabla ya mechi. Wenzake walidhani ni bia.

"Nev, jana ulimaliza pipa zima?" nahodha alimtania.

"Nilikubakizia povu," alijibu, akijifuta mdomo.

Maureen alimsihi aache.

"Niache niende wapi? Mgodini na baba?" Featherstone, mji wao wa migodi ya makaa, haukuwa na kazi nyingi nyingine, na kule chini ya ardhi alikuogopa zaidi.

Goti lilipoharibika na kumlazimu astaafu, akiwa na miaka thelathini na moja, alilia mbele ya timu nzima. Wakamhurumia, wasijue kwamba analia kwa afueni. Akapata kazi ya kusambaza maziwa kwa gari lisilo na milango, akaishi kwa amani miaka mingi.

Alipofika sitini na minane, vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Daktari akaagiza shingo ipigwe picha. Neville alipoliona lile bomba jembamba la kulala ndani, jasho likamtoka.

"Dakika ishirini tu, baba," muuguzi alisema.

"Siingii."

Alirudi nyumbani mara mbili hivyo hivyo. Safari ya tatu alimsimulia muuguzi habari za yale matope, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu mwingine zaidi ya Maureen. Yule dada hakucheka. Akampa kitufe cha kubonyeza akizidiwa, akamruhusu Maureen asimame pale amshike mguu.

Aliogopa dakika zote ishirini, macho ameyafumba, moyo ukimwenda mbio. Hakubonyeza.

Mfupa ulikuwa umeukandamiza uti wa mgongo. Walimpasua mwezi Machi. Mkono wa kulia ulipata nguvu. Wa kushoto haukupona, na vifungo vya shati lake sasa hufungwa na Maureen.