Pipa Lililojikunja Mvuani

Mimi siogopi mtu, na ulimi wangu wanaoujua wanaujua. Lakini siku pipa lilipojikunja mbele ya macho yangu, ulimi uliniganda. Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Pipa lilikuwa la wifi yangu, mjane wa kaka, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mapipa. Ananunua mapipa ya chuma yaliyokuwa na mafuta, anayasafisha, anawauzia watu wahifadhie maji. Mwanamke mfupi, mikono yote makovu ya moto, subira hana hata ya kungoja chai ipoe. Ukimwuliza bei mara ya pili anakwambia nenda kachotee maji kwenye kiatu. Kazi alifundishwa na kaka. Pipa linatiwa maji kidogo na sabuni, linapandishwa mafigani, linachemka mpaka mvuke unafoka mdomoni, kisha linashushwa na kuachwa wazi mpaka lipoe kabisa. Kaka alikuwa na sharti moja tu: pipa la moto halizibwi. Ukimwuliza kwa nini, anasema, "Liacheni lipumue," basi. Nadhani hata yeye alikuwa hajui.

Asubuhi hiyo nilifika na begi. Nyumba niliyopanga ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya hakutaka wapangaji. Mume sina, mtoto sina, wazazi walishatangulia, na kaka ndiye huyo tuliyemzika. Nikakaa kwenye kigoda uani, nikamwambia wifi bila kuzunguka, "Nimekuja kuomba pa kukaa, na si kwa siku mbili."

Alichochea moto, akakohoa moshi, akasema, "Nisaidie kwanza kushusha hili, fundi friji aliyelinunua anakuja kulichukua. Tutaongea." Tukalishika kwa magunia, tukalishusha likitokota. Mtu akisema tutaongea hujui anafikiria nini.

Jua lilikuwa limetuchoma tangu asubuhi. Mara mawingu yakarundikana, ukavuma upepo wa baridi, na mvua ikashuka yote kwa pamoja. Maji ya bati yakaanza kumwagika karibu na pipa, yana kutu na mavi ya kunguru. Wifi akapiga kelele, "Yasiniingilie humo!" Pipa bado lilikuwa linatoa mvuke, lakini akadaka kizibo, akakikaza kwa nguvu zake zote, tukakimbilia barazani. Mimi nikasimama mbele, karibu kabisa na pipa.

Jamani! Lilianza kwa kulia, kwi, kwi. Halafu likapiga mshindo nikadhani radi imetupiga. Nilipofumbua macho, pipa la chuma, lile ambalo mwanamume mzima akilipiga teke anaumia yeye, lilikuwa limebonyea pande zote, limejikunja kama karatasi iliyokunjamana. Hakuna aliyeligusa. Nilitaka kupiga yowe, sauti haikutoka.

Wifi alilitazama pipa, akanitazama mimi. "Umekuja na nini?"

"Wifi, mimi..."

"Nakuuliza, umekuja na nini kwenye hilo begi? Miaka yote nachemsha mapipa sijaona haya! Leo umekanyaga uani kwangu tu!" Akalinyakua begi, akalirusha mvuani. "Toka! Sitaki mkosi!"

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha jirani tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, "sasa huyu mbona kaja kuponda?"

Siku nyingine ningemjibu akajuta kuzaliwa. Siku hiyo niliinamisha kichwa. Nilianza hata kujishuku mwenyewe, nikajiuliza kama kweli nina kitu kibaya mwilini. Nikashuka barazani kuokota begi langu.

Hapo ndipo fundi friji aliposukuma geti, amelowa chapachapa. Akaona pipa lake. Badala ya kulia, akacheka mpaka akashika magoti.

"Nani aliliziba?"

Wifi akakitazama kizibo.

"Mama, uliliziba likiwa la moto, mvua ikalimwagikia, siyo?"

"Wewe umejuaje?" wifi akauliza kwa sauti ndogo.

Fundi akaomba kibati kitupu cha mafuta ya kupikia, chenye kizibo cha kuzungusha. Akatia maji kidogo, akakiweka kwenye moto wa jikoni mpaka mvuke ukatoka. Akakiepua, akakiziba, akakiweka mvuani akarudi nyuma. Kibati kikalia, kikabonyea hapo hapo. Redio nusura aanguke ukutani.

"Mnaona hewa?" fundi akasema. "Hamuioni, lakini ina uzito. Imejaa kuanzia hapa chini mpaka huko juu kabisa, na sisi tuko chini yake, kama mtu aliyesimama kwenye kina cha kisima. Inatugandamiza pande zote muda wote."

"Mbona hatupondeki?" nikauliza. Ulimi ulikuwa umerudi.

"Kwa sababu ndani yetu kuna msukumo wa kutosha kujibu. Pipa nalo likiwa wazi, hewa inaingia, nje na ndani zinalingana. Lakini mvuke ulishaifukuza hewa humo. Mlipoziba, mvua ikapoza mvuke, ukarudi kuwa maji kiduchu, ndani pakabaki patupu. Hewa ya nje ikaliminya." Akaonyesha mawingu. "Na mvua yenyewe ni hivyo hivyo. Jua linapasha ardhi, hewa ya moto inapanda na mvuke wake, huko juu kuna baridi, mvuke unageuka matone. Huo upepo wa baridi ni hewa nzito iliyoporomoka na mvua."

Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Mzigo wote huo tangu nazaliwa, na sijawahi kuusikia!

Wifi hakuwa anasikiliza habari za mawingu. "Liacheni lipumue," akanong'ona. Kisha akanigeukia. Nilikuwa bado mvuani, begi mkononi linachuruzika.

"Wifi. Ungekwenda wapi?"

"Sijui."

"Sijui ndiyo wapi?"

"Ndiyo sijui. Sina pa kwenda."

Akapiga yowe. Mwanamke huyu msibani kwa mumewe hakutoa chozi, watu wakamsema, na mimi nikiwemo. Siku hiyo alilia kwa sauti, amekaa kwenye matope mbele ya Redio na fundi, akisema, "Nimemfukuza dada yake! Nimemfukuza dada yake kwenye mvua!"

Nikamwinua. Begini hakikusalia kitambaa kikavu. Akaniingiza chumbani, akafungua sanduku ambalo tangu mazishi hakuruhusu mtu kuligusa, akatoa shati la kazi la kaka, lenye madoa ya mafuta, akanivalisha na kunifunga vifungo mwenyewe. Nguo zangu akazianika jikoni, na zilipokauka, akazipanga sandukuni humo.