Mtu Wetu Yuko Ndani

Kabla hajawa mshauri mwandamizi wa Meya, kabla ya kile kiti cha kuzunguka, Kipaza alikuwa mwanamke wa kukusanya watu. Jina hilo alipewa na mtaa, maana akisimama kona akaita, mama wa nyumba ya mwisho anaacha sufuria motoni na kutoka. Lakini msidhani kazi yake ilikuwa kelele tu. Alijua ni nani akishawishika majirani wote wanamfuata, nani hasalimiani na nani, na kwamba fundi viatu asipoendewa nyumbani kwake haji mkutanoni hata umbembeleze vipi. Hiyo ni kazi, jamani, na darasani haifundishwi.

Shida kubwa ya mtaa ilikuwa mfereji. Ulikata mtaa katikati, mpana na mchafu, na kuvuka kwake ni juu ya mbao zilizofungwa kwa waya. Mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Shule iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, hata kituo cha basi kiko ng'ambo. Watu walitaka daraja, basi. Si la magari, la miguu tu, lenye vyuma vya kushikilia pembeni.

Wakati huo Meya alikuwa bado mgombea anayehangaikia kura, na Kipaza ndiye aliyemkabidhi mtaa mzima. Kwanza alimvusha kwenye zile mbao mbele ya watu, mgombea na viatu vyake vya kung'aa. Alipofika ng'ambo aliapa kwamba daraja litajengwa. Akashinda, na hakumsahau aliyempigania. "Dada yangu," alimwambia, "njoo tufanye kazi ndani. Watu wako nao wawe na mtu wao mezani."

Nani angekataa? Dada yake mkubwa, mshona nguo aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimshonea suti. Mzee mwenyekiti wa mtaa alimwombea dua. Mtaa mzima ukawa na wimbo mmoja: mtu wetu yuko ndani.

Hapo ndipo Kipaza alipokosea, na kosa lenyewe lisingeweza kufanywa na mwingine. Watu walipojipanga kwenda kukaa kwenye ngazi za ofisi ya jiji kudai daraja lao, kama yeye mwenyewe alivyowafundisha, aliwaambia, "Tulieni. Mkija na mabango mtanitia aibu. Hili nalishughulikia mimi." Wakatulia. Walikuwa wamemzoea; akisema kaeni wanakaa, akisema simameni wanasimama.

Naye alilishughulikia kweli, tusimwonee. Kila kikao alilitaja. Mhandisi akasema tusubiri vipimo. Vipimo vikaja, mweka hazina akasema tusubiri mwaka wa fedha. Mwaka wa fedha ukaja, mhandisi akasema vile vipimo sasa vimepitwa na wakati. Walimpiga danadana mpaka kichwa kikamuuma, na kila alipokasirika waliagiza aletewe chai. Ofisi ile ilikuwa na chai nyingi kuliko majibu.

Mvua zilipoanza tena, dada yake aliteleza kwenye mbao akavunjika mkono, tena ule wa kulia, wa kushikia mkasi. Cherehani ikafunikwa kitambaa. Kipaza aliingia kwenye kikao cha bajeti akiwa amekaza meno. Miradi iliyopitishwa ikasomwa, na kweli, daraja la miguu lilikuwemo. Ila lilikuwa linapelekwa mtaa wa viwandani, ambako mfereji wenyewe mtoto anauruka bila kukimbia.

"Kwa nini kule?" aliuliza.

"Wale walikaa mlangoni kwangu wiki nzima wakigonga masufuria," Meya alisema. "Hata kuongea na simu nilishindwa. Watu wako wana nini? Wametulia, hawana neno. Na hiyo ni kazi yako, dada. Sina mshauri kama wewe." Akampigia makofi, na waliozunguka meza wakafuata.

Kilemba cha ukoka hicho, na Kipaza alikaa nacho kichwani mpaka kikao kikaisha. Kumbe hakuletwa mezani aseme. Aliletwa ili wenzake wanyamaze, na kazi hiyo alikuwa ameifanya vizuri ajabu, kwa moyo wake wote, akijiona anawasaidia. Mtaa wa viwandani haukuwa na mtu ndani, ndiyo maana ulipata daraja.

Jumapili aliita watu, akawaeleza yote bila kuficha. "Kesho njooni ofisini, wote," alisema. "Njooni na masufuria. Mkae pale mpaka mjibiwe."

Wakatazamana. Mzee mwenyekiti akakohoa. "Mwanangu, sisi tukuaibishe kazini kwako? Haiwezekani."

"Niaibisheni, baba. Nawaomba."

"Na wakikufukuza? Nani atatusemea?"

"Hakuna anayewasemea sasa hivi. Mimi nasema, hawanisikii."

Watu wakacheka, wakidhani anajishusha. "Kipaza wetu hana makuu," alisema fundi viatu, na wengine wakaitikia. Dada yake, mkono ukiwa umening'inia shingoni kwa kitambaa, alimsogelea akamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, umechoka tu. Nenda kapumzike. Sisi tutakusubiri."

Alitamani kupiga ukuta teke. Ungefanya nini na watu wanaokupenda namna hiyo? Wangekuwa wakaidi angewabembeleza, wangekuwa waoga angewatia moyo, mbinu zote hizo anazo. Lakini watu wanaokuamini unawafanya nini? Na asingeweza kuwalaumu, kwa sababu huko kusubiri aliwafundisha yeye. Basi akakata shauri. Kama wamenyamaza kwa sababu yeye yuko ndani, atatoka. Jumatatu aliweka funguo mezani kwa Meya, akasema ameacha kazi, akaenda zake.

Jumanne asubuhi alikuwa uani anafua alipoyasikia. Masufuria. Alitoka mbio, mikono ina povu, ndala zisizofanana, akawafuata mpaka ofisi ya jiji. Ngazi zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni. Fundi viatu alikuwepo, na inaelekea safari hii hakuna aliyemwendea nyumbani. Mzee mwenyekiti alikuwa amekalia ndoo. Dada yake alikuwa anagonga kifuniko kwa mkono wa kushoto. Kipaza alilia palepale barabarani, kwa furaha, kwa sababu hawakuwa wamesahau hata somo moja.

Kisha akafuta macho akayasoma mabango. MRUDISHENI KIPAZA. TUNAMTAKA MTU WETU. Akatafuta neno daraja, bango kwa bango, hakuliona.

"Semeni daraja," aliwaambia waliokuwa karibu, akiwavuta mashati. "Acheni mambo yangu, semeni daraja." Wao walipomwona walishangilia zaidi, wakamsukuma mbele mpaka juu kabisa ya ngazi.

Meya alitoka na uso wa mtu anayeenda kung'olewa jino. Akasoma bango la kwanza, akasoma la pili, uso ukaanza kumlegea. Tangu ashike kiti hicho hakuwahi kuletewa dai rahisi namna ile. "Nimewasikia," alisema. "Mimi ni mtumishi wenu. Mshauri wangu anarudi kazini leo hii, na ninampandisha cheo."

Kwa vigelegele vilivyopigwa hapo, hasira iliyomjaa Kipaza haikupata hata pa kutokea. Dada yake alimfikia akihema, anatabasamu sikio kwa sikio. "Umeona? Tumekaa mpaka tumejibiwa, kama ulivyotuambia."

"Na daraja, dada?"

"Hilo si utatuletea wewe?" Akamfuta povu mikononi kwa pindo la gauni lake, akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni. "Haya, ingia. Usichelewe kazini."